Valvu Iliyohamia Uzioni

Nyakatuntu, Kyerwa
3 Juni 2025

Baba mkubwa Cassian,

Shikamoo. Nikikuambia huku hatujambo nitakuwa nakudanganya, kwa hiyo naanza na ubaya wenyewe.

Jana saa sita na dakika chache kipoozeo cha maziwa kilipasuka. Si bomba, si koki. Ni kipoozeo chenyewe, ule mtungi mrefu wa chuma uliokwenda kuuchukua Mwanza na kuufunga kwa mikono yako. Gasketi ya mbele, ule mpira wa kuzibia, ilitoka yote, maji ya moto yakaruka mpaka kwenye beseni la kuoshea madumu, na Placida, muosha madumu wetu, alikuwa ameinama palepale. Yamemuunguza mkono na mguu mzima wa kushoto. Tulimmwagia maji baridi hadi gari likafika, na muda wote huo hakulia, aliniita jina langu tu. Yuko hospitali. Daktari anasema ataishi, lakini kuhusu mguu hajasema kitu.

Sasa nikueleze nilichofanya, maana wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii tangu mwaka 2020. Saa ya majirani unaijua, uliipanga mwenyewe na kamati ya maji ya kijiji: saa sita kamili kiwanda kinaacha maji ya chemchemi yaende kwenye mabomba yao mpaka saa nane. Tunazima mvuke unaochemsha maziwa, tunasubiri maziwa ya moto yaishe kupita, ndipo tunafunga koki mbili za kipoozeo. Ya kuingilia tunaifunga ili kijiji kipate maji, na ya kutokea ili maji ya tangi la juu yasirudi nyuma. Moto kwanza, maji baadaye. Ulinifanya niyaseme maneno hayo kama Baba Yetu.

Jana Nolasco alichelewa kuleta maziwa. Saa sita ilipofika, lita kama mia na hamsini zilikuwa bado zinapita. Akina mama walishajipanga bombani, wanagonga madumu matupu na kuniita kwa jina la marehemu baba yangu. Nikaona aibu. Nikajiambia maji baridi yaliyomo ndani ya kipoozeo yatatosha kupoza hayo yaliyobaki. Nikafunga koki zote mbili huku maziwa ya moto yanaendelea kupita.

Najua maji yaliyofungiwa yakipata joto yanatanuka na kutafuta pa kutokea. Lakini si ndiyo kazi ya ile valvu ya usalama? Ulisema presha ikizidi inajifungua yenyewe, inatema maji kidogo, na kipoozeo kinapona. Kila Jumatatu asubuhi nainua mkono wake kuijaribu. Jana pia niliijaribu, saa mbili, ikatema maji vizuri kabisa. Saa sita haikutoa hata tone. Kwa nini, Baba mkubwa? Nimelifikiria swali hili mpaka kichwa kinauma.

Bi Naila alikuja jioni kutoka Kayanga, akazunguka kiwanda chake chote bila kunisalimia. Mkaguzi anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Ikionekana nimemuunguza Placida kwa uzembe, naweza kufungwa. Naogopa sana.

Nimeandika barua kwa sababu simu huisikii, na ujumbe nikiutuma mama mkubwa Beata atausoma kwa sauti hadi majirani wa ng'ambo wajue. Nolasco anapita Igurwa kesho. Mpe jibu palepale.

Mwanao,
Evaresta


Igurwa, Karagwe
5 Juni 2025

Mwanangu Evaresta,

Marahaba. Nimesoma. Namwombea Placida, na nimemtuma mama yako mkubwa akamwone na kumpelekea uji.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikosea. Koki haifungwi kwa sababu ya aibu, hata kijiji kizima kikigonga madumu.

Kuhusu valvu, ni chokaa. Maji ya ile chemchemi yana chokaa nyingi, nayo huganda ndani ya valvu ikashindwa kunyanyuka. Asubuhi inaweza kukubali, mchana ikakataa. Mambo hayo hutokea. Mkaguzi akikuuliza mwambie chokaa, usiongeze neno. Yale makaratasi ya michoro yaliyo kabatini usimwonyeshe. Ni ya zamani, yatamchanganya bure. Na pale uzioni mtu asiguse kitu mpaka aje.

Kula, ulale. Maneno mengi hayaponyi kidonda.

Baba yako mkubwa,
Cassian


Nyakatuntu
8 Juni 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nolasco ameniambia kwamba uliisoma barua yangu umesimama, kisha ukaingia ndani, akangoja mpaka akachoka akaondoka. Nilidhani unaumwa.

Nilifanya ulivyonikataza. Niliifungua valvu. Haina chokaa, Baba mkubwa, hata ya kujaza ukucha. Springi yake ni laini, kiti chake, pale inapokalia ikijifunga, kinang'aa. Basi nikaenda kabatini nikatoa michoro, na huko ndiko nilikokuta jambo lenyewe.

Kwenye mchoro valvu imekaa juu ya mgongo wa kipoozeo, katikati ya koki mbili. Kwetu iko hatua nane kutoka hapo, uzioni, baada ya koki ya kutokea. Nikiifunga koki ile, kipoozeo kinabaki peke yake na valvu inabaki huko nje na maji ya tangi. Ni kama kumweka mlinzi nje ya lango, halafu mwizi ukamfungia ndani. Ndiyo maana Jumatatu ilikuwa inatema maji nikiijaribu: yalikuwa maji ya bomba la tangi. Miaka yote hii nimekuwa nikijaribu valvu isiyolinda kitu. Nilipanda juu ya kipoozeo nikakwangua rangi, nikakuta kizibo kimekazwa kwenye tundu ilikotakiwa kuwa.

Mtu aliihamisha. Na jibu liko wazi. Nyumba inayopakana na uzio ni ya Nyirabageni, na maji ya uvuguvugu yanayodondoka pale yanaingia kwenye pipa lake. Mwanawe ni Sebahire, fundi msaidizi wetu. Nani mwingine angekuwa na haja?

Nimeandika taarifa. Nimesema kwamba mwaka 2023 nilimwona Sebahire pale uzioni na spana kubwa, nikamuuliza, akanijibu kuwa anakaza tu. Bi Naila ameipeleka polisi, na jana wamemchukua. Mama yake alilifuata gari hadi barabara kuu, na miguu yake ile iliyovimba.

Namhurumia. Lakini mtu aliyemuunguza Placida si mimi, na usiku wa jana nimelala kwa mara ya kwanza.

Mwanao,
Evaresta


Kayanga
9 Juni 2025

Kwa Mzee Cassian,

Assalamu alaikum, na kwa imani yako, Tumsifu Yesu Kristo.

Mzee wangu, mimi ni mtu wa duka, kama marehemu baba yangu Abdillah. Valvu sizijui, watu ndio ninaowajua kidogo. Yule kijana Sebahire, tangu achukuliwe, anasema neno moja tu, kwamba hajui. Hamtaji mtu, hatoi udhuru. Jambo hilo linanisumbua, maana wezi niliowahi kuwakamata dukani walikuwa na maelezo mengi.

Ijumaa mkaguzi atakuwa kiwandani. Nakuomba uje. Kiwanda ulikijenga wewe. Ukisema uliiweka valvu mahali pake na mwingine akaihamisha, shauri litakwisha na kila mtu atapata haki yake. Nitatuma gari likuchukue.

Wako katika heshima,
Naila Abdillah


Igurwa
10 Juni 2025

Evaresta,

Valvu niliihamisha mimi.

Nimeandika mstari huo mara tatu kwenye karatasi nyingine ili mkono uuzoee. Sasa nakueleza yote, na uyasome hadi mwisho.

Mwaka 2018 niliifunga mahali pake, juu ya kipoozeo, kama mchoro unavyosema. Siku zile utaratibu wetu ulikuwa mbovu. Wafanyakazi walifunga maji ovyo, na karibu kila saa sita valvu ilikuwa inatema maji ya moto. Nyirabageni akaanza kupenya kwenye tundu la uzio na ndoo yake. Alikuwa anayakinga kwa ajili ya kukanda miguu. Nilimkataza, akacheka, akaendelea. Siku moja ilitema akiwa ameinama, maji yakamkosa shavu kwa kiganja kimoja.

Jumapili iliyofuata, Agosti 2019, nilitoka misa nikaenda kiwandani peke yangu. Niliing'oa, nikaliziba tundu lake, nikaifunga uzioni na kuiwekea kibomba kinachoshuka taratibu ndani ya pipa la yule mama. Niliona nimefanya wema. Na tangu siku hiyo ikaacha kutema, ikawa inadondosha tu. Nikajisifu kwa watu kwamba nimeiponya. Kumbe nilikuwa nimeitenga na kitu ilichowekewa kukilinda.

Unajua kazi sahihi ilikuwa ipi? Kuiacha valvu palepale ilipo na kuvuta kibomba cha kutemea kutoka hapo hadi kwenye pipa. Vipande viwili vya bomba, basi. Sikuwa navyo, na maduka yalikuwa yamefungwa kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Nilisema nitarekebisha Jumatatu. Jumatatu ikaja na mambo yake.

Niliyajua haya tangu nilipofika kwenye neno valvu katika barua yako ya kwanza. Halafu nikakuandikia chokaa. Nilikudanganya, mwanangu, na nilikuwa nafahamu ninachofanya. Miaka arobaini watu wa Karagwe na Kyerwa wananiita fundi, nikashindwa kuliachia neno hilo kwa siku moja.

Ulikosea, ndiyo. Lakini valvu ile huwekwa kwa ajili ya siku ambayo mtu amekosea. Kosa lako lilikuwa la dakika kumi. Mimi ndiye niliyeufanya mguu wa Placida uyalipie.

Sasa la Sebahire. Mwaka 2019 alikuwa Bukoba anabeba mizigo. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa Bi Naila mwaka 2021, na alipofika valvu ilikuwa imeshakaa uzioni miaka miwili, imepakwa na rangi. Ndiyo maana hana la kuwaambia polisi. Niambie basi, mwaka 2023 ulimwona akikaza nini?

Usinijibu mimi.

Nimemwandikia Bi Naila. Barua anayo Nolasco, nimemwambia aikabidhi Alhamisi mchana na si kabla. Una siku moja na nusu ya kwenda kuifuta taarifa yako kwa mdomo wako mwenyewe. Nenda, mwanangu. Ukisubiri barua yangu ikutangulie, itakuwa vigumu zaidi.

Cassian


Nyakatuntu
11 Juni 2025

Baba mkubwa,

Sikusalimu leo.

Wewe ulisema chokaa, mimi nikasema Sebahire. Tofauti iko wapi? Ungeandika ukweli tarehe tano, mimi nisingeandika taarifa tarehe saba. Nilikuuliza swali moja, kwa nini haikufunguka, ukanipa uongo na kuniambia nile nilale. Nikaanza kutafuta jibu mwenyewe gizani, na wa kwanza kumgusa nikamkamata.

Wewe umestaafu. Watasema mzee alisahau, watakuonea huruma, watakuletea ndizi. Mimi nina watoto wawili na kazi ambayo wanaume watano walikuwa wanaitaka. Ukiandika 2019, kila anayejua kusoma ataona kwamba mimi ni shahidi wa uongo. Kwa hilo mtu anafungwa.

Naomba neno moja tu. Sema mwaka huukumbuki. Sema labda ilikuwa 2023, na Sebahire alikushikia bomba. Hapo atatoka, na mimi nitapona. Hakuna atakayeumia.

Gari la Nolasco limeharibika breki na analala hapa kwetu leo. Bahasha yako kwa Bi Naila nimeiona mbele ya gari, karibu na usukani.

Evaresta


Nyakatuntu
16 Juni 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo.

Niliichukua. Nolasco alikuwa anakula, nikafungua mlango wa gari nikaitia bahasha kwenye gauni. Nilikwenda moja kwa moja kiwandani kwenye boila, tanuru la mvuke, nikafungua mlango wa moto. Nilitaka kwanza nijue umenisemaje, ndipo niichome.

Yako yote umeyasema, ya misa, ya Jumapili, hata ya chokaa. Yangu ulikuwa umeyaandika kwa mistari miwili: "Evaresta aliandika alivyoandika kwa sababu nilimpotosha. Kama kuna neno la uongo katika taarifa yake, lihesabiwe langu." Nilisoma hapo nikakaa chini juu ya kuni. Ulikuwa umekwisha kunifunika kabla sijakuomba. Nikakuonea hasira, kisha nikalia, kisha nikaona haya kuliko siku ile ya madumu.

Ningeweza kuipeleka vilevile. Ingetosha kuniponya.

Alhamisi nilipanda gari na Nolasco hadi Kayanga. Nilimpa Bi Naila bahasha ikiwa wazi, nikamwambia nimeifungua mimi, na kwamba ile mistari miwili ni upendo wa mzazi, si ukweli. Nikamwambia spana sikuiona. Sikumwona Sebahire na kitu chochote, mwaka wowote. Alivua miwani, akaifuta kwa mtandio, akaivaa tena. Akaniambia, "Mikono yako naiamini, Evaresta. Lakini mtambo ule unaendeshwa kwa maneno. Mmoja anauliza umefunga, mwingine anajibu nimefunga. Nitakuulizaje tena?" Nikajua kazi imekwisha. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia.

Tulikwenda wote polisi. Sebahire ametoka Ijumaa. Mimi nimeandikiwa faili na nitaitwa. Mkaguzi naye atakuita wewe. Nitakuja tukae pamoja, nikuandikie maswali yake kwenye karatasi ili usijibu kitu usichokisikia.

Placida atatembea, ila kwa kuchechemea. Nilimweleza yote, mimi mwenyewe. Amesema nisiende kumwona kwa sasa. Mama mkubwa Beata amwendee, uji wake anaupenda.

Jumamosi Bi Naila aliniruhusu nifanye kazi ya mwisho, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kufungua kipoozeo. Valvu iko juu ya mgongo wake sasa, kati ya koki mbili, bila koki yoyote mbele yake wala nyuma. Kibomba kirefu kinatoka hapo hadi kwenye pipa la uzioni. Vilihitajika vipande viwili, kama ulivyosema. Nilifunga koki zote, nikaipandishia presha kwa pampu ya mkono, ikatema ilipotakiwa kutema. Mkaguzi, aliyekuwapo tangu Ijumaa, akasaini.

Nilipotoka nilimkuta Sebahire langoni na mama yake. Wafanyakazi walikuwa wamesimama, na akina mama wa bombani pia, maana ilikuwa karibu saa sita. Hakunitukana. Alisema, "Dada Evaresta, ile karatasi uliyoandika juu yangu, naomba uisome hapa, watu wasikie uliyoyaona."

Nakala nilikuwa nayo mkobani. Nikaisoma yote. "Mnamo mwaka 2023 nilimshuhudia mtajwa akiwa na kifaa eneo la uzio." Nilipomaliza nikasema si kweli, hakuna nilichokiona, naomba msamaha. Nilidhani yamekwisha. Sebahire akaniambia, "Mama hajaelewa. Kiswahili cha namna hiyo hakijui. Mwambie kwa Kinyambo."

Nilijaribu, Baba mkubwa. Nilianza na mwaka, nikaendelea na uzio, nikakwama. Lile "nilimshuhudia" na lile "mtajwa" sikuwa na pa kuyaweka kwa Kinyambo. Yule mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, amenyoosha miguu, ananitazama mdomoni kwa uvumilivu kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kuhesabu. Mwishowe nikamwambia hivi tu: nilimsingizia mwanao.

Akaniuliza, "Waitu, mwenzetu, alikukosea nini?"

Nikamwambia hakunikosea kitu. Niliogopa, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Alimpa Sebahire mkono amwinue, wakaenda zao nyumbani. Leo ni siku ya pili, na bado hajanijibu.

Mwanao,
Evaresta